Kisu cha Baba Mkwe

Mhezi, Jumapili, 1 Machi 1970

Daftari hili lilibaki kwenye kisomo. Mwaka huu ni mwaka wa elimu ya watu wazima, kwa hiyo jioni nafundisha wazee kusoma, na daftari lililokosa mwenyewe nimelichukua. Nitaandika humu yale ambayo nikiyasema nyumbani yanageuka kesi. Nyumba hii niliyoolewa, kila kitu kinageuka kesi.

Ya sasa ni ya kisu. Baba mkwe wangu, Mzee Melkizedeki, alifariki mwaka jana. Shamba aliligawa mwenyewe akiwa hai, kahawa ya huyu na kahawa ya yule, ng'ombe pia, na hakuna aliyekohoa. Alichosahau kukitaja ni kisu chake cha kukunja, alichorudi nacho kutoka vita vya Burma. Shemeji Tumainieli anasema ni cha kwake kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kwanza. Mume wangu Eliezeri anasema ni cha kwake kwa kuwa yeye ndiye aliyemwuguza mzee, na mzee alikitia mkononi mwake. Tangu tuondoe matanga hawasemezani, na kati ya nyumba na nyumba kuna mistari minne tu ya mibuni.

Wangekuwa wananuniana wao kwa wao ningewaacha. Lakini Yudith wangu ana mchumba. Kijana anaitwa Lugano, Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi wa mashine ya kuchakata mkonge huko chini tambarare. Posa haipokelewi katika ukoo huu bila baba mkubwa kukaa kiti cha mbele na kukata nyama ya kwanza ya mbuzi. Na baba mkubwa ameapa hakanyagi uwanja wetu mpaka kisu kirudi. Mwisho wa Juni mashine ile inafungwa na mafundi wanahamishiwa Kilosa. Yudith ataondoka nyumbani kwa heshima, au ataondoka kama mbuzi aliyekata kamba. Mimi nimechoka na masika hata hayajaanza.

Jumatano, 4 Machi

Jua kali. Kisomoni wamekuja watatu, mmoja alilala.

Jumamosi, 7 Machi

Niseme ukweli kuhusu hicho kisu, maana hakuna aliyeniuliza.

Ni kisu kibaya. Baba yangu ni mhunzi kule Kighare, Ugweno. Nimekua nikivukuta mvukuto wake, najua chuma cha kazi na najua chuma cha kujisifia. Hicho cha Burma kwanza ni kizito, kimetoboa mifuko yote ya marehemu na mshonaji wa viraka nilikuwa mimi. Kukifungua lazima uwe na ukucha, maana kwenye ubapa wamechimba kimfereji na ukucha ndio uingie humo. Mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri ana ukucha gani? Aliyekibuni hajawahi kulima. Halafu springi yake ni ya hasira. Ukikandamiza vibaya kinajifunga chenyewe juu ya vidole vyako. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, nililipata nikimmenyea marehemu chungwa.

Mgongoni kina msumari mnene. Marehemu alisema ni wa kutolea mawe kwenye kwato za farasi. Tangu dunia iumbwe farasi hajapanda Mhezi. Kina na kifungulio cha makopo, na kopo la mwisho kuingia nyumba hii lilikuwa la rangi ya milango.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni kwamba hakipendi maji. Kikilala na unyevu siku moja kinaota kutu, na chungwa ukilikata nacho linakuwa jeusi na lina ladha ya msumari. Chuma chenyewe nakubali ni kizuri, kikinolewa kinashika makali wiki nzima. Mjinga ni aliyekitengeneza.

Kisu changu mimi alinifulia baba nilipoolewa, kwa kipande cha springi ya lori. Hakikunjwi, hakina msumari wala kopo. Kinakata, na hakijawahi kupelekwa barazani.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imeanza. Wazee wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nimechukua jembe. Wao wanagombana, mahindi nimepanda mimi.

Jumapili, 22 Machi

Kanisani Eliezeri alikaa benchi la kulia, Tumainieli la kushoto, na mchungaji akahubiri habari za Esau na Yakobo huku akiangalia katikati. Hakuna aliyeguswa. Tukitoka, Raheli mke wa Tumainieli alinipitia kando akanong'ona, "Chumvi ipo?" Nikamwambia ipo. Yeye na mimi tunakopana chumvi na makaa kwa kupitia nyuma ya migomba, kama wezi, kwa sababu ya chuma cha Burma.

Nilimwuliza Eliezeri kisu kiko wapi. Akasema, "Kipo mahali." Amenificha hata mimi. Amekificha mpaka chenyewe hakijijui.

Jumatatu ya Pasaka, 30 Machi

Lugano amepanda mlima na mvua yote hii, viatu mkononi, matope hadi magotini. Amekuja na mzee mmoja wa kambini kwao, Sylvester, mtu wa Kigoma mwenye maneno mengi, ambaye ndiye atakayekuwa msemaji wake. Wakwe wa kweli wako Tukuyu, hawawezi kufika.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba."

Akatoa mfukoni visu viwili vipya vya kukunja, vinafanana kama pacha, vimenunuliwa duka moja pale Same. Kimoja akampa Eliezeri. "Na hiki ni cha baba mkubwa," akasema. "Nimesikia kuna shida ya kisu. Nikaona niimalize."

Mtoto wa watu alifurahi kwelikweli. Nilitamani ardhi impasukie kidogo, aingie, atoke mambo yakishapoa. Eliezeri alikitazama kile kisu kama mtu aliyepewa mchele wenye mawe.

"Kijana," akamwambia, "unadhani sisi tunagombea chuma?"

"Sasa mnagombea nini, baba?"

Sylvester akacheka peke yake. "Nilikuonya, Lugano. Niliambiwa Mpare huuza ng'ombe aendeshe kesi ya mbuzi. Wewe umeleta mbuzi wawili."

Cha pili nilimpelekea Tumainieli mwenyewe, kwa njia ya migomba. Naye akauliza vilevile, neno kwa neno: anadhani tunagombea chuma? Wale ni ndugu, hilo halina ubishi.

Visu vyenyewe, Mungu anisamehe, ni takataka. Mpini wa plastiki yenye rangi ya maziwa, na ukiweka karibu na jiko unalegea. Kina kijiko cha kukunja na uma wa kukunja. Ukitaka kula kwa kijiko, kisu kinakuchungulia puani. Chuma chake kinang'aa sana, na chuma kinachong'aa hivyo hakinoleki, unakisugua kwenye jiwe mpaka jiwe linachoka. Lakini kijana alitembea nacho njia yote ile kwenye matope. Nimekiweka kabatini kwa heshima.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Makande. Paa la jikoni linavuja.

Jumanne, 14 Aprili

Leo ilikuwa msaragambo, kijiji kizima tumekwenda kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, kwa sababu tope lilijaa na maji yanapita juu ya ukuta. Tumainieli alichimba upande wa juu, Eliezeri upande wa chini. Kila mmoja alichimba kama anayemkomoa mwenzake, na ndiva ikaisha kabla ya saa sita. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Eliakunda, akasema ugomvi huu una faida. Akasema pia kwamba Jumamosi anaikata kesi, kwa sababu amechoka kushtakiwa njiani, shambani na msibani.

Nimemwonea huruma. Hata hivyo mimi nimechoka kumzidi.

Jumamosi, 18 Aprili

Baraza limekaa ofisi ya TANU, mvua ikipiga bati mpaka mtu anapiga kelele kusema "ndiyo". Tumainieli alizungumza muda mrefu juu ya uzaliwa wa kwanza. Eliezeri akazungumza muda mrefu zaidi juu ya ugonjwa wa mzee, usiku gani alimgeuza, uji gani alimnywesha. Nilikaa nyuma na Yudith. Mwanangu alikuwa anajizungushia kitambaa kidoleni na kukifungua, tena na tena.

Balozi akasema, "Kisu kiletwe tukione."

Eliezeri akatoa kifurushi kwenye koti. Kumbe alikichimbia kwenye ukuta wa zizi la ng'ombe, amekizungushia gunia. Gunia lilikuwa limelowa chapachapa. Akakunjua. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya udongo wa Same.

Balozi akajaribu kukifungua. Ukucha ukavunjika. Akampa Tumainieli, naye akajaribu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Eliezeri akajaribu kwa meno. Kimeshikana kabisa, kutu imekigandisha. Tangu mwaka jana kinapiganiwa na hakuna aliyekikunjua hata mara moja.

"Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama," akasema balozi. "Ninyi wote wawili leo mtalala na njaa."

Watu wakacheka. Tumainieli hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema polepole, "Umekizika kwenye mavi ya ng'ombe. Kisu cha baba." Eliezeri akainamisha kichwa. Hapo nilidhani litakwisha, maana nilimwona mume wangu amefungua mdomo aseme neno. Kisha akaufunga.

Balozi akasema hawezi kuamua juu ya kitu kisichofunguka. Akanitazama. "Mama Yudith, wewe ni mtoto wa mhunzi. Kichukue, kifungue, baraza likirudi utuletee." Basi wanaume wawili wamekigombea msimu mzima, na mwisho kimekabidhiwa kwa aliyekuwa anakichukia.

Ijumaa, 24 Aprili

Kimelala kwenye kopo la mafuta ya taa wiki nzima. Leo nimekigonga kidogo kwenye kizingiti, nikaingiza ncha ya kisu changu pale penye mfereji wa ukucha, kikafunguka kikilia. Nimekisugua kwa mchanga na majivu. Makali yapo chini ya kutu. Chuma kile kizuri, nilishasema.

Jumatatu, 27 Aprili

Yudith ameniambia jikoni, bila hasira, akichambua maharage: "Mama, nisipoposwa nitakwenda naye hivyohivyo. Sitaki, lakini nitakwenda."

Nikamwambia akichambua aangalie mawe.

Jumamosi, 2 Mei

Leo Eliezeri amesema baraza likimpa kaka yake kisu, atakata rufaa mahakamani Same, na ameshaamua mtamba gani atauzwa. Ni yule mwenye baka jeupe, tuliyemtunza kwa ajili ya harusi. Nikauliza, na Tumainieli akishindwa? Akasema, "Naye ana mtamba." Akasema hivyo kama anayeeleza habari za mvua.

Alipokwenda shambani nikawasha moto wa magogo ya mkaratusi. Nilikifungua kisu, mpini nikauviringisha kwa mgomba mbichi niliouloweka, na ubapa nikauchomeka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Halafu nikaufukia kwenye majivu ya moto, upoe polepole mpaka jioni. Baba yangu alikuwa anatukataza kufanya hivyo kwa kisu cha mtu, labda mtu mwenyewe aombe. Chuma kikipoa polepole namna ile kinalegea. Kinabaki na umbo na mng'ao, ila makali hayakai tena.

Nimekisugua kikang'aa. Hakijawahi kuwa kizuri hivyo.

Jumamosi, 9 Mei

Baraza limeamua: kisu kwa mkubwa, mdogo atakiazima akiwa na shughuli. Tumainieli alikifungua na kukifunga mara nyingi, akanipongeza mbele ya watu. Nikaangalia miguu yangu. Kwa kuwa ameshinda, amesema atakuja kwenye posa, na nyama ya kwanza ataikata kwa kisu cha baba.

Karibu na nyumbani Eliezeri akasimama njiani. "Aje," akasema. "Amkatie Yudith mbuzi wake. Jumatatu yake nakwenda Same."

Mtamba amefungwa karibu na nyumba.

Jumatano, 13 Mei

Mvua inapungua. Raheli anasema mumewe amekaa na jiwe la kunolea siku mbili na haelewi. Nikamwambia labda jiwe.

Jumamosi, 23 Mei

Siku ya posa. Naandika Jumapili kwa kweli, jana sikuweza.

Walifika saa nne, Lugano, Sylvester na vijana watatu wa kambini, na mbuzi, na blanketi la bibi, na madumu ya dengelua, pombe ya miwa, ambayo mchungaji alipita karibu nayo akiangalia angani. Tumainieli alikaa kiti cha mbele. Eliezeri kando yake, uso kama mlango uliofungwa. Vijana wakachinja kwa kisu chao, wakachoma, ini likaletwa kwenye sinia mbele ya baba mkubwa.

Tumainieli akatoa kisu. Akakandamiza kwenye ini, kikateleza. Akakandamiza tena. Akakaza mkono wote, na ule ubapa ukapinda. Ulipinda pole kama kijiko cha bati, mbele ya wakwe.

Alikitazama muda mrefu, kisha akamtazama mdogo wake. Nikashika nguzo ya jiko. Nilijua sasa atasema umekiua kwenye zizi, na mwenzake atasema kimefia mfukoni mwako, na binti yangu atapanda basi la Kilosa peke yake, na mwenye kosa ni mimi.

Lakini Tumainieli akasema kwa sauti ndogo tu, "Jaribu wewe."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza yasiyo ya kesi aliyomwambia tangu matanga. Eliezeri akakipokea. Akakinyoosha kwa kidole gumba, akakandamiza, kikapindia upande wa pili. Akashika ini kwa mkono wa kushoto ili livutike, Tumainieli naye akashika upande wake, na wazee wawili wenye mvi wakabaki wanavutana ini hadharani.

Aliyeanza kucheka ni Raheli. Kisha Sylvester akasema, "Wakwe, kama nyama ni ngumu tuna mbuzi mwingine kambini." Tumainieli akaanza kutikisika mabega. Eliezeri alijizuia, akajizuia, akashindwa. Walicheka mpaka Tumainieli akafuta machozi kwa koti, na nadhani yote hayakuwa ya kicheko.

"Mama Yudith," akasema, "hebu lete kisu chako."

Changu kilikata. Baba mkubwa akaligawa ini, akamwita Yudith, akamwuliza mbele ya watu: "Hawa watu tule vyao?" Yudith akasema, "Kuleni, baba mkubwa." Akaulizwa mara tatu na akajibu mara tatu, na mara ya tatu hata hakusubiri swali liishe.

Walipokuwa wanaagana, Tumainieli akakiacha kile kisu juu ya kigoda. "Chukua wewe. Wewe ndiye uliyemwuguza."

"Hapana, kaka. Wewe ndiye mkubwa."

"Baraza lilikosea."

"Baraza halikukosea, mimi ndiye niliyekosea."

Wakaendelea hivyo mpaka giza likaanza kuingia, kila mmoja anamsukumia mwenzake, sauti zikapanda. Mzee Eliakunda akainuka akasema kesi hiyo hataisikiliza, wampelekee mtu mwingine, akaenda zake. Kisu kikabaki kigodani. Nimekiokota mimi.

Jumatatu, 25 Mei

Eliezeri hakwenda Same. Mtamba amerudishwa zizini.

Jumapili, 31 Mei

Matangazo ya ndoa yamesomwa mara ya kwanza. Ndugu wamekaa benchi moja. Wamebishana kimyakimya juu ya nani ashike kitabu cha nyimbo.

Jumapili, 14 Juni

Jua limetoka, maharage yamekauka. Raheli amekuja asubuhi kwa njia ya mbele, na kapu lake, tukavuna pamoja. Mgongo unaniuma mahali pale pale, lakini leo nimeulalamikia kwa mtu.

Jioni Eliezeri alikaa na mimi jikoni, jambo ambalo halifanyi. Kisu kilikuwa juu ya rafu, hutumika sasa kukwangulia matope kwenye majembe. Akakishusha, akakipindisha kidogo, akakinyoosha.

"Baba alikuwa anatukatia chungwa," akasema. "Chungwa moja, mimi na kaka. Alikuwa anageuza kisu polepole sana, anapima kwa jicho. Tulikuwa tunaweka vipande juu ya jani tuone kama kimoja kimezidi. Havikuzidi hata siku moja. Tangu amefariki sijaona mtu anayeweza kukata vile."

Miezi yote hii nilikiandikia kisu kile matusi, ukucha wake na msumari wake, na chungwa jeusi nililitaja pia. Sikujua kwamba walilila.

Akaendelea kukigeuza kwenye mwanga wa koroboi. "Mama Yudith, wewe ni mtoto wa mhunzi. Chuma hakifi kwa kutu tu, sivyo?"

Nikasema sivyo.

"Unyevu haukilegezi hivi."

Nikasema haukilegezi.

Niliendelea kupepeta maharage, nikasubiri kesi yangu ianze. Aliniangalia mikono, akaangalia jiko, akaangalia lile rundo la majivu ambalo huwa silitupi. Halafu akauliza, taratibu, kama anayeulizia njia:

"Na kinaweza kufufuka?"

Kinaweza. Moto mmoja mkali, halafu ndani ya mafuta kwa ghafla, halafu jiwe. Ni kazi ya asubuhi moja.

"Kinaweza," nikamjibu. "Ila tumwozeshe Yudith kwanza."

Alikirudisha rafuni, akavuta kigoda karibu na ungo, akaanza kunisaidia kutoa mawe kwenye maharage.